Mwenzetu Aliyeacha Kuja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, nayo yapigwa chapa hapa kwa ombi la wale waliokosa kufika.)



Tulipoombwa kusema nanyi jioni hii juu ya watu waliopigana na desturi ya kutenga watu kwa rangi zao, tulidhani yatosha kuuhesabu ushindi wao mwaka kwa mwaka, kama karani ahesabuvyo risiti zake. Walakini kila tulipozidi kusoma habari zao tuliona jambo moja lituhusulo sisi zaidi ya hesabu hiyo. Jambo lenyewe ni namna wapigania haki walivyogombana wao kwa wao, na namna mmoja wao alivyompokea mwenziwe aliyekuwa amemtukana mbele ya watu. Nanyi nyote mwajua kwamba katika safu ya mbele ya mkutano huu kuna kiti kisichokaliwa tangu mwaka juzi. Basi tutaanza mbali, katika nchi ya Marekani, kisha tutarudi kwenye kiti hicho.

Sisi makarani na tuanze na makarani wenzetu. Mwaka 1913, Rais Woodrow Wilson alipoingia madarakani, idara kadhaa za Serikali mjini Washington, mathalan Posta na Hazina, zilianza kuwatenga watumishi weusi na weupe. Watu waliokuwa wakiandika katika chumba kimoja waliwekewa viambaza katikati. Vyoo vikawa mbali, na mahali pa kulia chakula mbali. Mwaka 1914 ikaamriwa kwamba kila aombaye kazi ya Serikali alete picha yake, hata rangi yake ikajulikana kabla ya elimu yake kupimwa. Mwaka huo huo bwana mmoja mwenye gazeti, William Monroe Trotter, alikwenda na wenzake kwa Rais kulalamika. Rais akachukizwa na namna alivyosema, na mazungumzo yakavunjika.

Wazee wetu wa Afrika ya Mashariki waliyajua mambo haya bila kufika Marekani. Mishahara yao iligawanywa kwa rangi, na tume ya Holmes, katika taarifa yake ya mwaka 1948, ilishauri kwamba asiye Mzungu, hata akishika cheo kile kile, apewe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Ni tume ya Lidbury, mwaka 1954, iliyoshauri kwamba rangi isiwe tena kipimo cha mshahara. Wala wazee hao hawakukaa wakingoja tume. Kwani mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walikuwa wamekwisha kuanzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika. Twataja haya ili ijulikane kwamba habari tutakayoisimulia si hadithi ya wageni. Ni habari ya chama, na ada, na mikutano, na watu wachovu watokao kazini jioni, kama sisi.

Mtu wa kwanza katika habari hii ni Asa Philip Randolph, aliyezaliwa Florida mwaka 1889. Tarehe 25 Agosti 1925, katika mtaa wa Harlem mjini New York, alishika uongozi wa chama kipya cha watumishi wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Watumishi hao, wengi wao watu weusi, walitandika vitanda, walichukua mizigo na kupiga viatu rangi usiku kucha. Abiria wengi hawakuuliza hata majina yao, bali waliwaita wote George, kwa jina la mwenye kampuni aliyekwisha kufa zamani. Randolph mwenyewe hakuwa mtumishi wa mabehewa, na hiyo ndiyo sababu moja waliyomtaka, kwa kuwa kampuni haikuweza kumfukuza kazi ambayo hakuwa nayo.

Mwaka 1928 chama kilitangaza mgomo, kisha Randolph akauahirisha kabla haujaanza, kwa kuona kwamba hautafaulu. Wengi walivunjika moyo, wakaacha kulipa ada, hata wanachama wakapungua kutoka maelfu wakabaki mia chache tu. Walakini waliobaki walivumilia, na tarehe 25 Agosti 1937, miaka kumi na miwili kamili tangu siku ile ya kwanza, kampuni ilitia sahihi mkataba. Tafadhali likumbukeni jambo hili: Randolph alikuwa mtu ajuaye kusonga mbele, na alikuwa pia mtu ajuaye kusimama. Wanaomfuata mtu wa namna hiyo hawakosi kumnung'unikia siku ile anaposimama.

Mwaka 1941, vita vikiwa vimewaka Ulaya, viwanda vya silaha vya Marekani vilikuwa vikitafuta watu, lakini milangoni mwao mtu mweusi alirudishwa. Randolph akatangaza kwamba tarehe 1 Julai watu weusi kwa maelfu wataandamana mjini Washington. Rais Franklin Roosevelt alimwita, wakaonana tarehe 18 Juni. Na tarehe 25 Juni Rais akatoa amri nambari 8802, iliyokataza ubaguzi katika viwanda vya vita na katika kazi za Serikali. Basi Randolph akayaahirisha maandamano. Wengine walishangilia, lakini vijana wengi walikasirika, kwa kuwa askari weusi na weupe waliachwa katika vikosi mbalimbali kama zamani. Miongoni mwa vijana walionung'unika alikuwamo Bayard Rustin.

Huyu ndiye mtu wa pili. Alizaliwa mwaka 1912 huko West Chester, Pennsylvania, akalelewa na babu na bibi yake. Alikuwa mwimbaji mwenye sauti nzuri, msemaji hodari, na mtu asiyeogopa jela. Wakati wa vita alikataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri yake, akafungwa tangu 1944 hata 1946. Mwezi wa Aprili 1947 alikuwa mmoja wa watu kumi na sita, weusi wanane na weupe wanane, waliosafiri pamoja kwa mabasi katika majimbo ya Kusini, ili kuona kama hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1946 ya kukataza kutenga abiria wa safari za jimbo hata jimbo inafuatwa. Haikufuatwa. Rustin alikamatwa North Carolina, na mwaka 1949 akafanya kazi ngumu siku 22 pamoja na wafungwa waliofungwa minyororo.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe. Mwaka 1948 Serikali ya Marekani ilitaka sheria mpya ya kuandikisha vijana jeshini, na vikosi vilikuwa vingali vikitengwa kwa rangi. Tarehe 31 Machi Randolph alisimama mbele ya kamati ya Baraza la Senate, akasema wazi kwamba atawashauri vijana weusi wakatae kuandikishwa, hata wakifungwa, naye yu tayari kufungwa pamoja nao. Rustin alikuwa pamoja naye katika kazi hiyo. Tarehe 26 Julai Rais Harry Truman akatoa amri nambari 9981 ya kuwapa askari wote usawa bila kutazama rangi. Randolph akaona kwamba neno alilolidai limekubaliwa, akasema kampeni imekwisha.

Rustin na vijana wenzake hawakukubali. Walisema kwamba amri ile haikutaja waziwazi kuondolewa kwa vikosi vya rangi, na kwamba kuna vijana waliokwisha kukataa kuandikishwa, nao hawafai kuachwa peke yao. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Lakini hawakuishia katika hoja. Waliwaita waandishi wa magazeti, wakamshutumu mzee wao hadharani kama mtu aliyewaacha wenziwe njiani. Mtu aliyewafungulia mlango walimvunjia heshima mbele ya watu wasiomtakia mema.

Baadaye Rustin alijutia maneno yale. Akaona haya kubwa, na haya hiyo ikamfunga miguu. Kwa muda wa miaka miwili hakudiriki kumwendea Randolph. Nasi tulipokisoma kisa hiki, hapo ndipo tulipokaa kimya kidogo. Kwani twajua kwamba katika ugomvi wa marafiki, mara nyingi kinachowatenga si hasira tena. Hasira huisha mapema. Kinachobaki ni aibu ya yule aliyekosa, na kimya cha yule aliyekosewa, na kila mmoja hukitafsiri kimya cha mwenziwe kuwa ni chuki.

Hata siku moja Rustin akajikaza akaenda. Yeye mwenyewe alisimulia miaka ya baadaye kwamba alipoingia ofisini, Randolph aliondoka mezani akamjia hali amenyosha mikono. Hakutaja magazeti, wala hakuuliza nani alisema nini siku gani. Alimwuliza tu alikuwa wapi siku zote hizo, maana alijua kwamba anahitajiwa. Basi yakaisha.

Ndugu zetu, sisi watu wa ofisi twajua thamani ya jalada. Twajua kufungua jalada la zamani, tukatoa barua ya miaka mitatu, tukamwonyesha mtu sahihi yake. Jalada la Rustin lilikuwapo, na lilikuwa nene, Randolph hakulifungua. Wala msidhani ni kwa sababu alikuwa amebadili mawazo. Hatukuona mahali alipokiri kwamba alikosea kusimamisha kampeni ile. Nayo miaka iliyofuata ilimpa kila mmoja sehemu yake ya haki: amri ya Truman haikuwa hila, kwa kuwa kikosi cha mwisho cha watu weusi peke yao kilivunjwa mwaka 1954, lakini tangu 1948 hata 1954 ni miaka sita, na Rustin hakukosea aliposema kwamba karatasi peke yake haitoshi. Kupatana kwao hakukungoja shauri lao liamuliwe kwanza.

Tunda la kupatana huko lilionekana mwaka 1963. Hapo katikati mengi yalikuwa yamempata Rustin. Alikuwa mtu apendaye wanaume wenziwe, na mwaka 1953 alifungwa California kwa sababu hiyo; tangu hapo adui zake, na hata baadhi ya rafiki zake, walilifanya jambo hilo fimbo ya kumpigia. Mwaka 1956 alikwenda Montgomery, Alabama, kumsaidia Martin Luther King wakati watu weusi walipogoma kupanda mabasi. Lakini mwaka 1960 mbunge mmoja wa New York, Adam Clayton Powell, alitisha kueneza uwongo juu ya hao wawili. King alinyamaza, na Rustin akajiuzulu kazi yake ya kumsaidia. Mwaka 1962 alifika hata Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa World Peace Brigade, kuwaunga mkono waliopigania uhuru wa Northern Rhodesia. Kwao Marekani wengi walimwona kuwa ni mtu wa hatari kusimama naye.

Wakati huo Randolph, mzee wa miaka 74, alitaka kuyafanya yale maandamano aliyoyaahirisha mwaka 1941. Wakuu wa vyama walipokutana kuchagua msimamizi, Roy Wilkins wa chama cha NAACP alikataa Rustin asitajwe mbele, kwa kuogopa maneno ya watu. Randolph akasema kwamba atakuwa msimamizi yeye mwenyewe, ila ataachiwa kumchagua msaidizi wake. Wakakubali. Naye akamchagua Rustin.

Kazi ile ilifanywa kwa muda usiotimia miezi miwili. Rustin na vijana wake, katika nyumba moja ya Harlem, walihesabu mabasi na magari-moshi, walipanga maji ya kunywa, vyoo, madaktari, na mikate ya watu kula njiani. Sisi makarani tuitazame kazi hiyo kwa heshima: nyuma ya hotuba ile ya King ijulikanayo ulimwenguni palikuwa na orodha, na simu, na barua, na watu waliohesabu vyoo. Mwezi wa Agosti seneta mmoja wa South Carolina, Strom Thurmond, alisimama barazani akayataja makosa yote ya Rustin ili kuyavunja maandamano. Randolph hakusita, alitangaza mbele ya magazeti kwamba yeye na wakuu wenziwe wanamwamini kabisa. Tarehe 28 Agosti 1963 watu wapata 250,000, weusi na weupe, walisimama pamoja mjini Washington kwa amani. King alinena, Randolph alinena, na Rustin akawasomea watu madai ya siku ile. Sheria ya haki za raia ilitiwa sahihi tarehe 2 Julai 1964, na sheria ya haki ya kupiga kura tarehe 6 Agosti 1965.

Hatusemi kwamba sheria hizo zilitokana na mikono ya watu wawili waliokutana katika ofisi moja. Maelfu walizigharimia kwa jasho na kwa damu. Lakini twasema hivi: kama Randolph angalilifungua jalada, au kama Rustin angalishindwa na haya yake asiende, siku ile ya Agosti ingalikosa mtu aliyejua kuipanga. Na Randolph alipozeeka na nguvu kumwisha, ni Rustin aliyemtunza hata alipofariki mwaka 1979. Wazee wetu husema: Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Waliomngoja adui apande kati ya Randolph na Rustin walirudi na vikapu vitupu.

Sasa turudi kwenye kiti chetu.

Mwaka juzi chama kilidai posho ya nyumba kwa wenzetu wa daraja la chini. Tulipewa nusu, na halmashauri ikaipokea. Katibu wetu wa siku hizo, ambaye wengi hapa walifundishwa naye kuandika barua ya madai, alisimama akasema kwamba halmashauri imenunuliwa. Neno hilo halikuwa kweli, na lilituuma. Lakini hoja yake, kwamba nusu iliyobaki itasahauliwa, haikuwa ya kipuuzi. Hata leo nusu hiyo haijalipwa. Nasi tulifanya nini? Tulimcheka. Tena katika kurasa za gazeti hili tuliandika kwamba chama kimepumzika na makelele. Mama yake alipofariki, tulipeleka barua ya rambirambi yenye muhuri. Wala hakuna mmoja wa halmashauri aliyekwenda kukaa matangani. Ndugu zetu, sisi tuwalaumuo wengine kwa kuweka viambaza kati ya mtu na mtu, kiambaza hicho tulikijenga wenyewe.

Hupita karibu nasi ngazini, naye hutusalimu, nasi huitikia, kila mmoja akitazama viatu vyake. Yamkini yeye naye angoja. Katika kisa cha Marekani mkosaji alikwenda na mkosewa akampokea. Hapa kwetu kila upande umekosa na umekosewa. Kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba zamu si yake.

Basi twaleta maombi mawili mbele yenu. La kwanza, maneno yale ya makelele yafutwe katika gazeti hili kwa chapa, kama yalivyoandikwa kwa chapa, bila kumdai yeye afute yake. La pili, Jumapili hii wawili wa halmashauri waende nyumbani kwake kwa miguu yao. Wasichukue barua, wala daftari la mkutano. Kwanza wampe pole ya mama yake, maana pole haichachi. Kisha wamwambie kwamba madai ya ile nusu iliyobaki hayajaandikwa, na hakuna kati yetu ajuaye kuyaandika kama yeye, nasi tumemkosa. Akitaka kubishana juu ya mwaka juzi, na abishane. Wanyamaze wamsikilize mpaka mwisho.

Mtatuuliza, je, akikataa kurudi? Basi watu wawili watakuwa wamekunywa chai nyumbani kwa mwenzao, nayo si hasara. Na Jumapili ya pili waende wengine wawili.

Tumekwisha, Bwana Mwenyekiti.  Na kile kiti, twaomba, kisiondolewe.